Simu Katika Jumba la Makumbusho: Iseme au Isikilize?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Mtu akilipa kiingilio katika majumba kadhaa makubwa ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, kabla hata hajaonyeshwa chumba cha kwanza, huambiwa kwamba ipo programu ya kupakua kwenye simu yake ya mkononi. Aipakue, avae vipokea sauti masikioni, kisha atembee. Simu itamwambia yuko wapi, itamsimulia habari za kitu kilicho mbele yake, itamwonyesha picha ambazo hazipo ukutani, na pengine itampa mchezo wa kucheza na watoto wake. Hiyo ndiyo programu shirikishi ya makumbusho.

Nimeona wiki hii tuizungumzie kwa sababu na sisi tumo njiani. Mwaka 2019 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliweka picha na hadithi nyingi za jamii zetu katika mtandao wa Google Arts & Culture, na mtu anaweza kuzitazama akiwa kitandani kwake Kisumu au Toronto. Hilo ni jema. Lakini kumtumia mtu picha nyumbani ni kazi moja, na kumwongoza mtu aliyekwisha kufika, amesimama mbele ya kitu chenyewe, ni kazi nyingine kabisa. Kazi hii ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo inayoharibiwa kwa urahisi, maana mtu akiwa na fedha mkononi na fundi mlangoni huanza kujenga kabla hajajua anamjengea nani.

Jambo lenyewe si geni kama linavyodhaniwa, tena sisi watu wa redio tuna haki ya kujivuna kidogo. Mnamo 1952, katika jumba la makumbusho la Stedelijk mjini Amsterdam, wageni walipewa vipokezi vidogo vya redio pamoja na vya kusikilizia masikioni. Maelezo yalikuwa yamerekodiwa kwenye mkanda, na mkanda huo ulichezwa na kurushwa kwa mawimbi mafupi humo humo ndani ya jumba. Kila aliyekuwa na kipokezi alisikia neno lile lile kwa wakati ule ule. Msimulizi akisema tazameni picha iliyo kushoto, kundi zima liligeuza shingo kushoto kama kikosi cha askari kwenye gwaride. Mtu aliyependa kubaki nyuma kidogo na picha iliyomvutia hakuwa na budi kuikosa sehemu iliyofuata.

Baadaye zikaja kaseti, kila mtu na yake, akaweza kusimamisha apendapo. Zikafuata mashine za kubonyeza namba: namba 14 kwa sanamu ya 14. Halafu simu ya mkononi ikameza kila kitu. Vifaa vimebadilika mara nne au tano tangu 1952, lakini mpango wa mazungumzo ulibaki vile vile kwa muda mrefu sana: makumbusho yanasema, mgeni anasikiliza.

Hebu kwanza tuone simu inajuaje ulipo, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi huzama. Setilaiti zinazomwongoza dereva barabarani hazitegemeki ndani ya jengo. Mawimbi yake hufika yakiwa dhaifu, na paa na kuta huyamaliza. Jumba la makumbusho ya viumbe na maumbile la New York, lenye kumbi za kudumu zipatazo 45, lilizindua mwaka 2010 programu iliyoitwa Explorer. Ilitumia mitambo ya intaneti isiyo na waya iliyotapakaa jengoni kukisia mgeni yuko ukumbi gani, kisha ikamwelekeza hatua kwa hatua hadi kwa dinosau au nyangumi amtakaye. Haikuona haya kumwelekeza chooni na mkahawani pia, na sina shaka huduma hiyo ilipendwa kuliko maelezo mengi ya kisayansi.

Ilipoandikwa upya mwaka 2016 ilitumia njia nyingine: vifaa vidogo vya Bluetooth vilivyofichwa kwenye kuta na makabati. Kila kifaa ni kama kituo kidogo cha redio chenye kipindi kimoja tu, kinachotangaza usiku na mchana, "Mimi ni fulani, mimi ni fulani." Simu ikilisikia tangazo hilo hupima nguvu yake. Likiwa na nguvu, kifaa kiko karibu. Likififia, kiko mbali. Kisha simu hutazama katika orodha yake kujua fulani huyo amewekwa wapi.

Ni ufundi wa kupendeza, ila una kasoro ambayo muuzaji hataitaja kwanza. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hunywa mawimbi ya aina hiyo. Kwa hiyo siku ya Jumanne ukumbi ukiwa mtupu programu hufanya kazi barabara, lakini siku ya sikukuu, watu wamesongamana bega kwa bega, simu yaweza kushikilia kwamba uko chumba cha pili. Zaidi ya hayo kila kifaa kina betri, na betri hufa, na lazima awepo mtu wa kupita na ngazi akizibadilisha. Namba iliyobandikwa ukutani haiishiwi betri. Wala zile alama za mraba zenye vidoti vyeusi, ambazo mgeni huzipiga picha kwa simu na maelezo yakafunguka. Si lazima kila jengo liige New York.

Tena kila mahali pana hali yake. Chukueni Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Sehemu kubwa ya ngome hiyo iko wazi chini ya mbingu, hivyo setilaiti zinamwona mgeni bila shida. Shida ni jua. Saa saba za mchana, kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, nani awezaye kusoma kioo cha simu? Mbuni aliyekaa ofisini penye kiyoyozi atachora kurasa nzuri zenye herufi ndogo, na mgeni atakinga simu kwa kiganja, atakunja uso, kisha ataitia mfukoni. Mahali kama pale programu iwe ya sauti.

Na hapo tunafika kwenye kiini cha ubunifu wenyewe, yaani jicho la mgeni. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika jumba la Metropolitan la New York, uliopima watu huitazama kazi moja ya sanaa kwa muda gani. Wastani ulikuwa sekunde 27. Nusu ya watazamaji hawakuzidi sekunde 17, na humo ni pamoja na muda wa kusoma kibandiko. Hizo ndizo fedha alizo nazo mgeni mfukoni: sekunde 17. Programu ikimwomba achague lugha, ajaze jina, akubali masharti, aguse picha, asubiri ipakie, basi imekwisha kumnyang'anya zote kabla hajainua uso.

Ndiyo maana wabuni wenye uzoefu huandika kwa ajili ya sikio na kuliacha jicho huru. Na kuandika kwa ajili ya sikio si kusoma kibandiko kwa sauti. Nitatoa mfano wa kitu ambacho Wakenya wengi wanakijua: sanamu ya ndovu Ahmed iliyo uani mwa makumbusho ya Nairobi. Maelezo ya kawaida yangesema: "Ahmed alikuwa ndovu dume wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 na kufa mwaka 1974." Ni kweli tupu, na mtu angeweza kuyasoma akiwa nyumbani. Sasa sikilizeni namna ya pili: "Simama mbele yake. Fuata pembe moja kwa macho, kutoka mdomoni mpaka nchani. Usiharakishe. Umeona inavyoshuka? Mwindaji haramu naye aliiona hivyo hivyo, kwa mbali. Ndiyo sababu mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ndovu huyu alindwe, na akalindwa mpaka alipokufa mwaka 1974." Habari ni zile zile. Lakini katika namna ya pili mgeni ametazama kwanza, ndipo akaambiwa. Na akiisha kuambiwa anatazama tena. Halafu sauti inyamaze. Kunyamaza nako ni kazi ya mbuni, na ni kazi isiyolipiwa vizuri, kwa sababu mwenye jumba akishatoa fedha hutaka kila kona iseme.

Wako waliokwenda mbali zaidi. Jumba la MONA mjini Hobart, katika kisiwa cha Tasmania nchini Australia, lililofunguliwa Januari 2011, liliondoa vibandiko vyote ukutani. Hakuna jina la msanii, hakuna mwaka, hakuna kitu. Mgeni alipewa kifaa cha mkononi kilichoitwa O, kikamwonyesha orodha ya vitu vilivyo karibu naye, na akitaka maelezo aliyafungua mwenyewe. Aliweza pia kubonyeza kuwa amekipenda kitu au amekichukia. Wengi walilisifu wazo hilo, maana mtu alilazimika kutazama kabla ya kusoma. Mimi nalisifu nusu. Jumba lililojengwa na tajiri mmoja kwa vitu vyake laweza kufanya mchezo huo. Makumbusho ya umma hayawezi kumwambia bibi aliyetoka kijijini bila simu kwamba ukuta hauna la kumwambia. Hata hivyo vile vitufe viwili, nimependa na nimechukia, vilikuwa mlango mdogo: mgeni naye aliweza kusema neno.

Waliofungua mlango wenyewe ni watu wa Jumba la Makumbusho la Brooklyn, pia la New York. Mwezi Juni 2015, kwa msaada wa fedha za Bloomberg Philanthropies, walizindua programu waliyoiita ASK, yaani uliza. Haikuwa na ziara iliyorekodiwa. Haikuwa na michezo. Ilikuwa na kisanduku cha kuandikia ujumbe, basi. Mgeni aliyesimama mbele ya jeneza la Misri ya kale aliandika swali lake, au akapiga picha ya kitu na kuituma, na upande wa pili akawapo mtu aliye hai, mtaalamu wa sanaa au mwalimu wa makumbusho, akamjibu papo hapo. Vile vifaa vidogo vya Bluetooth tulivyovitaja vilitumika hapa pia, lakini kwa kazi tofauti: vilimjulisha mjibuji mgeni yuko upande gani wa jumba, ili mtu akiuliza "Huyu ni nani?" pasihitajike maelezo marefu kujua huyu ni yupi.

Namna walivyofika hapo inafundisha kuliko programu yenyewe. Hawakuanza na kompyuta. Walianza kwa kuwaweka wafanyakazi wao ndani ya kumbi wazungumze na wageni, wakaona kwamba watu wana kiu ya kuzungumza na mtu anayejua. Tatizo likawa jumba ni kubwa na wafanyakazi ni wachache. Wakajaribu kwa njia ya kawaida ya kutumiana ujumbe kwa simu, bila kuandika programu yoyote, wakapima kama mazungumzo yale yale yanaweza kupita humo. Yalipita. Hapo ndipo mafundi walipoitwa.

Na waliligundua jambo ambalo wenye wasiwasi kuhusu simu hawakulitarajia. Mtu akitaka kuuliza swali zuri lazima atazame vizuri. Akipata jibu, na mjibuji akamwambia "sasa angalia karibu na kidole gumba chake," anarudi kutazama mara ya pili. Simu ileile inayolaumiwa kwa kuiba macho ikawa inayarudisha kwenye kitu. Kuuliza si ujinga, walisema wazee wetu. Wale wa Brooklyn waliongeza kwamba kuuliza ni namna ya kutazama.

Je, wote waliitumia? La. Waliotumia ASK walikuwa sehemu ndogo ya watu waliopita mlangoni, na hilo liliwasumbua sana walioibuni. Wengine hawakupenda kupakua kitu kwa ajili ya matembezi ya saa mbili. Wengine waliona haya: mtu mzima, msomi, aulize swali la kitoto? Na mwanzoni programu ilikuwa ya simu za iPhone peke yake. Wenye Android walisubiri hadi mwaka uliofuata. Kwa New York kasoro hiyo ilivumilika. Nairobi au Dar es Salaam, ambako simu nyingi mno ni za Android, ingekuwa ni kujenga nyumba na kusahau mlango.

Upande wa gharama nitapita haraka. Programu haijengwi mara moja ikaisha kama ukuta. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilipobadilisha mfumo wa simu zake, programu za zamani ambazo hazikuandikwa upya zilikataa kufunguka. Kwa hiyo anayepanga bajeti apange na ya miaka mitano inayofuata. Na ikiwa programu inaandika kila hatua ya mgeni, alisimama wapi na kwa muda gani, basi mgeni aambiwe kwa maneno machache yanayoeleweka. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022.

Sasa nataka niwapeleke Berlin, kwa sababu huko kuna kitu chetu. Katika Museum für Naturkunde amesimama dinosau mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Hakutoka Ujerumani. Alichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, katika msafara wa Wajerumani wa kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Majimaji kulimaliza eneo hilo kwa upanga na njaa. Mamia ya watu wa huko walichimba, na mifupa hiyo, zaidi ya tani 200, ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mashuhuri aliitwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuutoa mfupa uliogeuka jiwe bila kuuvunja. Mwaka 2007 aina moja ya dinosau wa Tendaguru ilipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Mwaka huohuo wa 2007, ukumbi wa Berlin ulipofunguliwa upya, ziliwekwa darubini za ajabu. Mgeni akimwelekezea dinosau darubini hiyo, aliona mifupa ikianza kuvaa viungo vya ndani, kisha misuli, kisha ngozi, na mnyama akatembea. Watoto walifurahi, na watu wazima pia. Ni kazi nzuri, na ilifuata kanuni tuliyoitaja: ilimwelekeza mgeni kwenye mifupa yenyewe. Lakini darubini haina pa kuuliza. Mgeni kutoka Lindi, tuseme mwanafunzi aliyeko masomoni huko, akitaka kujua nani aliyechimba na mnyama huyu alifikaje hapa, darubini itamwonyesha ngozi tena. Mjadala wa historia hiyo umefanywa na watafiti wa Kijerumani wenyewe, na kitabu kizima kuihusu, Dinosaurierfragmente, kilichapishwa mwaka 2018. Maswali, basi, yanajulikana. Kibandiko cha ukutani hakina nafasi ya kuyajibu yote, simu inayo. Hapa ndipo programu inaweza kuwa na faida isiyo ya mapambo: kuweka jina la Boheti mahali mgeni anapolihitaji, kwa sauti, kwa Kiswahili akipenda, akiwa ameinua uso kumtazama mnyama ambaye Boheti aliwahi kuwa na mifupa yake mikononi.

Turudi nyumbani. Ni nani hasa mgeni wa makumbusho yetu? Siku za shule utawakuta wanafunzi wenye sare, basi baada ya basi, mwalimu mbele na mwalimu nyuma. Hao hawana simu, na shuleni haziruhusiwi. Programu iliyobuniwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye simu ghali na vipokea sauti masikioni imewapita kabla haijazinduliwa. Lakini mwalimu ana simu. Kwa nini isibuniwe programu ya simu moja kwa watoto 40? Simu impe mwalimu jambo la kuwatuma: "Nendeni mkatafute mfupa mmoja ambao hata ninyi mnao." Watoto watawanyike, watazame, wabishane, warudi. Ndipo mwalimu aguse kioo, sauti isome maelezo. Wale wageni wa Amsterdam wa 1952, wakigeuza shingo pamoja, hawakuwa wajinga hata kidogo. Kusikia jambo pamoja kuna raha yake, na anayesikiliza redio barazani na majirani anaijua.

Programu hiyo iwe nyepesi, ifanye kazi bila bando, na kama lazima ipakuliwe basi intaneti ya bure iwepo pale pale getini, si ndani kwenye ofisi ya mkurugenzi. Na lugha isiwe ile ya kutafsiriwa usiku wa kuamkia uzinduzi. Mtoto amefundishwa darasani neno visukuku. Mlinzi wa chumba husema mifupa iliyogeuka jiwe. Yote mawili ni Kiswahili, na mwandishi mwenye sikio atayatumia yote mawili, moja likilieleza jingine.

Mchukueni Kijana wa Turkana, ambaye umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mmoja wa wavumbuzi wakubwa wa mifupa ya kale ambao nchi hii imewahi kuwa nao, aliona karibu na Nariokotome kipande kidogo cha fuvu kilicholala kati ya kokoto nyeusi zilizofanana nacho. Wengine wangekikanyaga. Kipande hicho kidogo kikaongoza hadi kwenye mifupa ya karibu mwili mzima. Programu nzuri ingeanza hapo: imwonyeshe mtoto picha ya kokoto, imwambie, "Kipo kimoja ambacho si jiwe. Kitafute." Akikipata, au akishindwa, atakuwa ametazama kama Kimeu alivyotazama, na mifupa iliyo nyuma ya kioo haitakuwa tena vipande tu vya kahawia.

Kisha aulize. Na ataulizwa nani? Hivi sasa anaulizwa mlinzi. Yule mzee wa sare aliyesimama pembeni siku nzima ndiye anayejua watoto hukimbilia wapi kwanza, wapi watu wazima huchoka, na ni kitu gani kila mtu hukiulizia ingawa kibandiko chake kimeandikwa kwa herufi kubwa. Katika mikutano ya kubuni programu huitwa fundi wa kompyuta, mtaalamu wa mambo ya kale, mfadhili, na mtu wa uhusiano mwema. Mlinzi huachwa mlangoni.

Pendekezo langu kwa makumbusho yoyote yenye fedha kidogo ni hili. Mlinzi wa kila chumba apewe daftari na kalamu, aandike kila swali anaoulizwa kwa muda wa mwezi mmoja, kama lilivyotamkwa, bila kulipamba. Kando yake ibandikwe namba moja ya simu ambayo mgeni anaweza kutuma swali kwa ujumbe wa kawaida, na ofisini akae mwalimu mmoja wa makumbusho wa kujibu. Huo mwezi ukiisha, daftari zisomwe mezani kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Likiwapo swali moja lililorudiwa mara 60, fundi ataambiwa aanze na hilo. Na yale ya kuulizia choo yaandikwe pia.